Shajara ya mradi: Roger Clemens kwa Kiswahili

Oktoba 6, 2025. Houston, Texas

Nimeanza rasmi leo. Mradi ni makala ya sauti ya Kiswahili, sehemu nne, kuhusu Roger Clemens, mrushaji wa besiboli aliyetwaa tuzo ya Cy Young mara 7. Hiyo ndiyo tuzo ya mrushaji bora wa msimu, na hakuna mwingine aliyeifikisha hata mara 6. Pamoja na hayo, hayumo katika Jumba la Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown, jimbo la New York. Nataka msikilizaji wa Tanga, Mombasa au Bukavu ayaelewe yote mawili bila kwenda kuulizia kwa Kiingereza.

Mhariri wa sauti ni mdogo wangu wa kike, yuko Tanga. Hajawahi kutazama besiboli hata dakika moja, na ndiyo maana nimemwomba yeye. Asipoelewa yeye, hakuna atakayeelewa.

Hapa Houston jina hilo bado ni moto. Clemens alisoma na kucheza Chuo Kikuu cha Texas, akawa bingwa wa vyuo mwaka 1983, kisha akaja kuichezea Astros ya mji huu tangu 2004 hadi 2006. Ghalani ninakofanya kazi yuko mmoja anayevaa fulana yake namba 22 kila Ijumaa, na yuko mwingine ambaye ukilitaja jina hilo anaondoka mezani. Wote wawili waliangalia mechi zilezile.

Oktoba 11

Siku nzima imeishia kwenye maneno. Mrushaji, mpigaji na mdakaji havina tabu. Kile kilima kidogo anachosimama mrushaji nimekiita kichuguu, maana kwa macho ni kichuguu. Mechi ina vipande tisa, na kipande nimekipa jina la ngwe. Watangazaji wetu wa mpira wanalitumia neno hilo siku zote na mkulima analijua tangu zamani.

Kazi ilikuwa kwenye jambo lenyewe kuu la mrushaji. Mpigaji akipunga gongo asipate kitu, au mpira ukipita sawia mbele yake naye ametulia tu, hiyo ni straiki. Zikifika tatu, anarudi benchi. Nilijaribu tafsiri nne, zote ndefu kama barua ya posa. Mdogo wangu akasikiliza mara moja akasema, "Si amemkalisha?" Basi. Amemkalisha. Clemens aliwakalisha wapigaji 4,672, wa tatu katika historia ya ligi kuu, nyuma ya Nolan Ryan na Randy Johnson.

Oktoba 19

Sehemu ya kwanza imeandikwa. Nimeamua isianzie utotoni wala Ohio alikozaliwa mwaka 1962. Inaanza usiku wa Aprili 29, 1986, uwanja wa Fenway, Boston, akiichezea Boston Red Sox dhidi ya Seattle Mariners.

Uwanja haukujaa. Boston usiku huo ilikuwa na mechi ya mtoano ya mpira wa kikapu, na watu wengi walikuwa huko. Clemens ana miaka 23. Agosti iliyotangulia alipasuliwa bega, na mrushaji aliyepasuliwa bega hujui kama atarudi akiwa yuleyule. Ngwe ya kwanza anakalisha watatu mfululizo.

Kuna tukio la ngwe ya nne ambalo nimeliandika mara tatu. Gorman Thomas anaupiga mpira unapaa juu, nje ya mstari, karibu na kituo cha kwanza, kile anachokimbilia mpigaji. Mpira wa namna hiyo ukidakwa, mpigaji ametoka, ila ametoka kwa kudakwa. Don Baylor, ambaye kwa kawaida kazi yake ilikuwa kupiga tu, ndiye aliyepangwa hapo siku hiyo. Anaukimbilia, anafika, unamtoka mkononi. Thomas anarudi kusimama mbele ya Clemens, na Clemens anamkalisha. Baylor angedaka, idadi ya usiku ule ingepungua moja.

Thomas huyohuyo alikuja kulipiza ngwe ya saba, akaupeleka mpira jukwaani, Boston wakawa nyuma 1-0. Dwight Evans akajibu kwa pigo lililoleta mikimbio mitatu, na kila mkimbio ni alama moja. Ngwe ya tisa Clemens akamkalisha Spike Owen, aliyekuwa mwenzake wa timu pale Texas: huyo wa 19, sawa na rekodi iliyokuwapo. Akaja Phil Bradley, ambaye usiku huo alikuwa amekwisha kalishwa mara tatu. Akakalishwa ya nne. Ishirini. Matokeo 3-1, na katika ngwe zote tisa Clemens hakumpa mpigaji hata mmoja kituo cha bure, kile anachopewa mpigaji mrushaji akikosa shabaha mara nne.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka lisikike. Kurusha kwa nguvu wapo wengi. Kurusha kwa nguvu vile usiku kucha na mpira uende unakotaka wewe, hilo ndilo lililowashangaza watu. Miaka kumi baadaye, Septemba 18, 1996, huko Detroit, akafanya tena: 20, na tena bila kumpa mtu kituo cha bure.

Oktoba 24

Hasara. Fundi niliyempelekea kompyuta amefuta kila kitu, pamoja na rekodi yote ya sehemu ya kwanza. Maandishi yapo kwa sababu nilimtumia mdogo wangu. Nimerekodi upya usiku baada ya zamu, sauti imechoka, ila ngwe ya nne imetoka vizuri kuliko mara ya kwanza.

Novemba 2

Sehemu ya pili nimeipitisha haraka, maana ni ngazi ya ushindi na ngazi haihitaji hadithi. 1986 alishinda mechi 24 akapoteza 4, akachukua Cy Young na tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Cy Young tena 1987 na 1991. Halafu miaka minne ya wastani, 1993 hadi 1996: ushindi 40, kupoteza 39. Boston wakamwacha aende. Akaenda Toronto na mwaka 1997 akashinda 21, akakalisha 292, akiruhusu wastani wa mikimbio 2.05 kwa kila ngwe tisa. Cy Young. Mwaka uliofuata, Cy Young. Kisha New York Yankees, ubingwa wa 1999 na wa 2000, Cy Young ya 2001 akiwa na ushindi 20 na kupoteza 3. Juni 13, 2003 alifikisha ushindi wa 300 na mpigaji wa 4,000 aliyemkalisha, vyote katika mechi moja. Kisha Houston, na Cy Young ya saba mwaka 2004, miaka 42. Mwaka 2005 wastani wake ulikuwa 1.87.

Niliposoma mstari huo wa mwisho kwenye maikrofoni nilisita. Mtu wa miaka 42, akimaliza msimu na 43, akiruhusu mikimbio michache kuliko alipokuwa na 23. Msikilizaji atauliza kabla sijamaliza sentensi, na ana haki ya kuuliza.

Novemba 4

Orodha ya wagombea wa Cooperstown imetoka. Kamati ya watu 16 itapiga kura Desemba 7 kuhusu wachezaji wanane ambao waandishi wa habari hawakuwachagua. Clemens yumo, na mpigaji maarufu Barry Bonds yumo. Ili uingie unahitaji kura 12.

Nimebadilisha ratiba. Sehemu ya nne haitafungwa mpaka kura zihesabiwe.

Novemba 9

Sehemu ya tatu. Nimeandika tarehe kwenye karatasi kubwa ukutani na kuzipanga mpaka nikazielewa mimi mwenyewe.

Desemba 13, 2007 ilitoka ripoti ya George Mitchell, seneta mstaafu, kuhusu dawa za kututumua misuli katika besiboli. Majina zaidi ya 80. La Clemens lilitokana na mtu mmoja, Brian McNamee, aliyekuwa mkufunzi wake wa viungo, ambaye alisema alimchoma sindano mwaka 1998, 2000 na 2001. Clemens akakana. Februari 13, 2008 akaketi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, akala kiapo, akakana tena, McNamee akiwa ameketi meza hiyohiyo. Agosti 2010 akashtakiwa kwa kulidanganya Bunge, mashtaka sita. Julai 2011 kesi ikaanza, na siku ya pili ya ushahidi jaji Reggie Walton akaivunja, kwa sababu waendesha mashtaka waliwaonyesha wanajopo ushahidi ambao alikwisha kuukataza. Ikaanza upya Aprili 2012. Juni 18, 2012 jopo likamwachia huru kwa mashtaka yote sita.

Kitu kimoja katika kesi ile nimekipa dakika nne nzima. McNamee alisema alitunza sindano na pamba alizotumia mwaka 2001, akazitia kwenye kopo la bia, kopo akalitia kwenye boksi, boksi likakaa nyumbani kwake mpaka mwanzo wa 2008. Upande wa mashtaka ulileta wataalamu wa vinasaba. Upande wa utetezi ukauliza: kitu kilichochanganywa ndani ya kopo la bia na kukaa miaka yote hiyo mikononi mwa mshitaki wako, kinathibitisha nini? Nimejaribu kulieleza kopo hilo bila kulipambia upande wowote. Ukilitazama kama polisi, hakuna aliyetunza ushahidi hivyo. Ukilitazama kama mtu wa kawaida, unajiuliza kwa nini mtu aweke takataka za namna hiyo kama hana sababu. Mashaka hayo mawili nimeyaacha yakae pamoja.

Shahidi mwingine alikuwa Andy Pettitte, rafiki yake na mrushaji mwenzake. Alisema zamani Clemens aliwahi kumwambia kwamba ametumia homoni ya ukuaji. Alipobanwa na wakili wa utetezi akakubali kwamba huenda alisikia vibaya, nusu kwa nusu. Kwa jopo linalotakiwa kuwa na yakini, nusu kwa nusu haitoshi kumfunga mtu.

Novemba 12

Ujumbe wa mdogo wangu baada ya kusikiliza: "Kaka, kwani hakushinda kesi? Sasa shida iko wapi?"

Nimemjibu kwa simu, saa nzima. Mahakama iliulizwa kama serikali imethibitisha, pasipo shaka, kwamba alilidanganya Bunge. Ikajibu hapana. Wapiga kura wa Cooperstown wanaulizwa jambo jingine: kanuni yao inataja rekodi ya mchezaji na uwezo wake, lakini pia uadilifu, uungwana michezoni na tabia. Pale hakuna mzigo wa kuthibitisha. Kila mwenye kura anauamulia moyo wake.

"Kwa hiyo kila mtu ni hakimu," akasema. Nimeitia sauti yake kwenye makala kama alivyosema.

Novemba 16

Hapa ndipo mradi unapokuwa na msimamo, na nimeamua kuusema kwa jina langu.

Watetezi wake hupenda kuikata taaluma yake vipande viwili: Boston ni safi, baada ya Boston ni shaka. Ukikata hivyo, kipande cha kwanza kina ushindi 192 na wapigaji 2,590 aliowakalisha, na cha pili ushindi 162 na wapigaji 2,082. Nimekipinga kisu hicho kwa sababu hakipiti penye shaka. McNamee mwenyewe, shahidi mkuu, anaanzia 1998. Msimu ule wa 1997 ambao watu hunyoosha kidole kwamba "alifufuka", hata mshitaki wake hausemi. Tukimwamini McNamee kila neno, Clemens alikuwa na ushindi 213 na Cy Young 4 kabla ya sindano ya kwanza. Sandy Koufax, mrushaji wa zamani, aliingia Cooperstown na ushindi 165 na Cy Young 3, na hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo ningekuwa na kura ningempa. Na kwenye bamba lake la shaba ningetaka ripoti ya Mitchell iandikwe, na Juni 18, 2012 iandikwe, chini ya zile Cy Young 7. Jumba lile pia ni makumbusho. Likiwaacha nje wakubwa wa enzi ile, mtoto atakayelitembelea hatajua kwamba miaka ile ilikuwapo.

Novemba 18

Mdogo wangu tena. Nanakili neno kwa neno: "Kaka, unamtetea aliyeshinda. Aliyeshindwa umemtaja wapi?"

Sikuwa nimemtaja. Nimekaa na swali hilo tangu asubuhi.

Novemba 22

Aliyeshindwa yupo, na jina lake ni Mark Mulder.

Mwaka 2001, mmoja wa miaka ambayo McNamee alisema alichoma sindano, Clemens alichukua Cy Young ya ligi ya American, moja ya mbili zinazounda ligi kuu. Wa pili alikuwa Mulder wa Oakland, miaka 24. Alishinda mechi 21, moja zaidi ya Clemens, na wastani wake ulikuwa 3.45 dhidi ya 3.51. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye kupoteza: Clemens 3, Mulder 8, na wapiga kura wa enzi ile walipenda sana hesabu ya ushindi na kupoteza. Kisha bega la Mulder likaharibika, akapasuliwa, akarudi, akashindwa. Alimaliza mwaka 2008 akiwa na ushindi 103, na Cy Young hakuwahi kuipata.

Sidai kwamba aliibiwa. Hakuna mahakama iliyosema hivyo, na iliyoulizwa ilimwachia Clemens huru. Lakini nikiliacha jina la Mulder nje, nitakuwa nimeizungumza shaka hii kana kwamba inamgusa mtu mmoja tu, yule mwenye jina kubwa. Mwaka ule yawezekana ilikuwa zamu ya mtu mwingine kusimama jukwaani, mara moja katika maisha yake, na hatutajua kamwe. Pedro Martínez, aliyekuwa wa pili mwaka 1998, anazo Cy Young tatu na yumo Cooperstown. Mulder alikuwa na mwaka ule.

Msimamo wangu wa Novemba 16 sijaufuta. Nimeuandika upya, na sasa unakuja baada ya Mulder.

Novemba 29

Hesabu za kura za waandishi. Walimpigia Clemens miaka 10, 2013 hadi 2022, na ilihitajika asilimia 75. Alianza na 37.6. Mwaka 2017 akavuka nusu, 54.1, na mwaka wa mwisho akafika 65.2: kura 257, pungufu ya 39.

Mwaka huohuo wa mwisho aliingia mpigaji David Ortiz, ambaye gazeti liliwahi kuripoti kwamba jina lake lilikuwa kwenye orodha ya vipimo vya siri vya dawa vya 2003, ingawa kamishna Rob Manfred alisema baadaye kwamba vipimo vile havikuwa vya kuaminika vyote. Na Bud Selig, kamishna aliyeiongoza besiboli enzi yote ile ya dawa, alipitishwa mwaka 2016. Hili linanikera na nimelisema wazi kwenye makala. Mkuu wa nyumba ameingia mlangoni, wanaoshukiwa wamebaki barazani, na nyumba ni ileile.

Desemba 3

Nimepita Sugar Land, kando ya Houston, leo kurekodi sauti za nje. Ni hapo, Agosti 25, 2012, miezi miwili baada ya hukumu, Clemens alipopanda kichuguu akiwa na miaka 50, katika timu ndogo nje ya ligi kuu, akarusha ngwe 3 na theluthi bila kuruhusu mkimbio. Leo uwanja ulikuwa mtupu. Nimerekodi upepo na malori ya barabarani.

Mwezi huohuo watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa Williamsport, Pennsylvania, timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali za dunia za besiboli ya watoto. Haimhusu Clemens. Nimeiweka mwishoni mwa sehemu ya kwanza, kwa ajili ya wanaodhani mchezo huu hautuhusu.

Desemba 7, usiku

Kura zimehesabiwa huko Orlando. Aliyepita ni mmoja, Jeff Kent, kwa kura 14. Clemens na Bonds wamepata chini ya kura 5 kila mmoja.

Kupata chini ya 5 kuna uzito wake, kwa kanuni mpya ya mwaka huu. Anayeshindwa kufikisha 5 haruhusiwi kugombea duru inayofuata, ile ya 2028. Mapema kabisa ni 2031, Clemens akiwa na miaka 69. Na akirudi akashindwa tena kufikisha 5, hatagombea tena.

Aliyevaa fulana namba 22 amenipigia simu saa nne usiku. Hakusema mengi. Aliuliza tu kama makala yangu itakuwa na tafsiri, anataka ampe mwanawe.

Desemba 10

Sehemu ya nne imekamilika. Dakika 31. Mdogo wangu ameikata vizuri kuliko nilivyoiandika: Mulder sasa anakuja kwanza, kabla ya kura, kabla ya Cooperstown, na jina la Clemens halisikiki mpaka dakika ya tatu. Nilibisha kidogo kisha nikasikiliza mara mbili nikaacha kubisha.

Bado kitu kimoja. Anasema niliposoma "2031" nilishusha sauti kama mtu anayetangaza msiba, na niisome tena kama namba. Nitairekodi kesho kabla ya zamu.